Mabati ya Tanuri la Solange

Asubuhi moja Solange alikanda unga kwenye beseni, akatia kuni katika tanuri lake jipya, akasubiri. Alilitengeneza mwenyewe kwa pipa la mafuta, udongo, na mabati chakavu ya kuzuia joto lisitoke. Mabati aliyanunua kwa Dominique, muuza vyuma wa sokoni Bunia. Yalikuwa na matundu ya misumari, na masizi upande mmoja. Masizi aliyaona. Hakuuliza kitu.

Moto ulipokolea, mabati yakaanza kusema. Sauti ya mama mmoja ndani yake iliita watoto waje kula. Mwanamume akakohoa. Solange akatoa mikate, ilikuwa imeiva vizuri, akaipanga mezani.

Majirani wakanong'ona kwamba ana dawa ya biashara. Fifi, aliyeuza mandazi ng'ambo ya barabara, alituma watu wachungulie chini ya meza. Wateja wakazidi, hasa waliokimbia vita Djugu. Walikula polepole, wamesimama karibu na tanuri.

Siku moja mama wa kambi ya wakimbizi aitwaye Alliance aliacha kutafuna. Mumewe alibaki nyumbani siku walipokimbia.

"Huyu mwenye kukohoa ni bwana yangu," alisema. Akayanyooshea mabati kidole. "Hii manjanja ilitoka wapi?"

Solange akamwambia. Alliance alimtazama mikono, kisha uso.

"Na weye haukujua?"

"Nilikuwa natafuta tu namna ya kupika mikate, mama."

Wakaenda wote kwa Dominique. Alikuwa akishusha mabati mengine kutoka kwenye lori. Aliwasikiliza kwa adabu, akasema yeye hununua kwa watu, na watu hao hawataji majina. Askari mmoja, aliyekuwa akichagua bati la choo chake, alitikisa kichwa kukubali.

Tangu hapo Alliance huja kila asubuhi, hukaa kando ya tanuri na kumweleza mumewe habari za watoto. Solange humpa mkate wa moto. Alliance huugeuzageuza kwanza, kama anayetafuta sumu.

Biashara ikakua, tanuri moja halikutosha. Solange akarudi kwa Dominique, akakuta mabati yamepangwa mafungu mawili.

"Unataka yenye kusema ao yenye kunyamaza?" Dominique aliuliza. "Yenye kusema iko bei kali kidogo."

Solange akaweka sikio kwenye mabati yaliyonyamaza. Alisikiliza sana. Ndani yake kulikuwa na mtu amebana pumzi.

"Nipe haya," akasema, na Dominique akatafuta kamba.