Mara Nne, Panda Juu

Fundi Pazia alifika ukutani Jumapili asubuhi, akatandika gunia mahali pake, akakata kipande cha ngisi na kukichoma kwenye ndoana mara mbili. Ukikichoma mara moja, tasi wanakidonoa chote na kukuachia chuma kitupu. Hilo alilijua kwa kuibiwa, na hakuna mtu pale ukutani aliyejua jambo lolote kwa njia nyingine.

Ulikuwa ukuta mrefu wa saruji uliokinga bandari. Siku za kazi hakuna aliyeruhusiwa kuukanyaga, ila Jumapili walinzi waliwafungulia lango watu wa mishipi, wale wanaovua kujifurahisha tu: kinyozi, mwalimu mstaafu wa hesabu, na mume na mke wenye duka la vioo ambao nyumbani walikuwa hawasemezani lakini ukutani walipeana chambo. Fundi Pazia, kama jina lake lilivyo, alikuwa mshonaji wa mapazia. Alikuwa hajawahi kushika samaki mbichi asiye wa sokoni mpaka mdogo wake alipozama.

Neno kuzama lilikuwa la Fundi Pazia mwenyewe. Kampuni haikulitumia. Mdogo wake alikuwa mzamiaji, na watu wote walimwita Kifua, kwa sababu aliweza kubana pumzi mpaka ukasahau ulikuwa unamwambia nini. Kazi yake ilikuwa kushuka chini ya meli na kukwangua kome walioganda kwenye tumbo la meli. Siku moja alishuka, na kabla hajapanda, mtu akawasha injini. Pangaboi la meli likakata mpira wa hewa, likakata na kamba. Kampuni ikasema Kifua hakuwa kazini siku hiyo, ameacha kazi bila kuaga na ameenda zake. Kwa hiyo hakuna aliyeshuka kumtafuta, maana mtu aliyeenda zake hatafutwi chini ya maji.

Fundi Pazia ndiye aliyemlea Kifua tangu mama yao alipofariki, na alijua kwamba mdogo wake hawezi kwenda hata dukani bila kuaga. Akaomba ruhusa ya kuingia bandarini. Akanyimwa. Alipoomba tena, karani wa getini akamwambia, "Dada, kama hamu yako ni kutazama maji, nunua mshipi uje Jumapili na wenzako." Karani alikuwa anamkebehi. Fundi Pazia akaenda akanunua mshipi.

Mwanzoni alikuwa kituko. Alifunga fundo la mshonaji, na samaki wa kwanza akaondoka na ndoana. Alitupa mshipi maji yakipwa, ukanasa kwenye mawe. Alivuta kwa pupa kila alipoguswa. Kinyozi, aliyekaa jirani yake, alivumilia asubuhi nzima akapasuka.

"Mama, unavua au unapigia watu kengele? Mwache ameze kwanza!"

"Nitajuaje kama amemeza?"

"Weka mshipi juu ya kidole, hapa kwenye ncha. Halafu nyamaza. Kidole kitakwambia."

Kidole kilichukua muda wake, lakini kidole cha fundi kimezoea uzi. Baadaye kilianza kusema. Tasi anadonoa kama kuku. Changu anagonga na kukimbia. Chewa anakaa juu ya chambo kama mgeni asiyetaka kuondoka, na ukimvuta anajibana chini ya jiwe, na hapo inabidi umvute kidogo, umpumzishe, umvute tena, mpaka achoke. Fundi Pazia alijikuta anaanza kuingojea Jumapili. Aliona haya kidogo, kwamba jambo lililoanza kwa msiba lilikuwa linamfurahisha.

Asubuhi hiyo ya gunia na ngisi, maji yakiwa yamejaa, mshipi wake uliguswa na kitu kilichokuwa si tasi wala changu wala chewa. Ulivutwa mara moja, taratibu, kwa urefu wa mkono. Kisha kimya.

Aliijua ishara hiyo kabla hajafikiri. Walipokuwa wakiishi nyumba moja, Kifua alipitisha kamba ya pazia kutoka chumbani kwake mpaka kwenye cherehani ya dada yake, akamfundisha lugha ya kazini. Mara moja: uko salama? Mara mbili: endelea na kazi. Mara nne: panda juu. Unayevutiwa unarudisha vilevile ulivyovutiwa, ili mwenzako ajue umesikia. Dada alikuwa akimvutia mara nne chakula kikiwa tayari, naye anatoka chumbani huku akijifanya anavua miwani ya maji.

Fundi Pazia akavuta mara moja.

"Ni mdogo wangu," akasema.

Kinyozi akanyoosha mkono, akaushika mshipi kwa ncha ya kidole, akasikiliza. "Kweli, huyu si samaki," akasema. "Huyu yuko kazini."

"Kumbe ndiyo maana," akasema mwalimu wa hesabu. "Meli zinazofunga upande huu siku hizi zinaondoka na tumbo safi kama sahani. Nilidhani wamenunua mashine."

"Lakini mbona hapandi?" akauliza mwenye duka la vioo.

"Atapandaje na hajaambiwa?" akajibu mkewe, na hayo yalikuwa maneno ya kwanza aliyomwambia tangu kiangazi.

Fundi Pazia akavuta mara nne. Zikarudi nne, moja baada ya nyingine. Halafu mshipi ukawa mzito. Desturi ya ukuta ni kwamba mshipi wa mtu ukiwa mzito, wengine wote wanakunja ya kwao ili isijisokote. Wakakunja. Fundi Pazia akaanza kuvuta, mkono huu na mkono ule, na baada ya kitambo wakaiona kofia ya njano ya Kifua ndani ya maji ya kijani, ikipanda, na kwapani mwake kikwanguo. Mzigo ulikuwa mkubwa kuliko samaki yeyote aliyewahi kumtoa. Mshipi ulimkata viganja. Hapo mikono yake ikafanya ilichojifunza kwa chewa: ikavuta, ikapumzisha, ikavuta.

Mara mbili. Endelea na kazi.

Kofia ya njano ikasimama. Zikarudi mbili, za utiifu kabisa, na Kifua akazama tena na kikwanguo chake.

"Hapana! Hapana, Kifua, sikusema hivyo!" Fundi Pazia alipiga kelele, akavuta mara nne, akavuta tena nne. Hakuna kilichorudi. Aliketi juu ya gunia akalia bila kujificha. Alikuwa amejifunza uvuvi vizuri mno, na ndio uliomrudisha mdogo wake chini.

Aliyewaeleza ni mlinzi, ambaye zamani aliwahi kushika kamba za wazamiaji. Kamba ikitoa amri ikaipinga yenyewe, mzamiaji anaacha kuisikiliza. Atajibu salamu tu, ile ya mara moja. Amri anangojea mpaka aje aliyemshusha, kwa sababu mzamiaji anamjua msimamizi wake kwa mkono.

Msimamizi huyo alikuwa amepandishwa cheo. Meli zenye tumbo safi zilimpatia sifa, na sifa zikampatia ofisi ya ghorofani yenye dirisha kubwa juu ya maji. Dirisha hilo ndilo lililomfanya aagize mapazia mazito, na ushonaji ukamwangukia Fundi Pazia. Alipokwenda kupima, alikunjua futi yake, akapanda kwenye kiti, akasema akiwa juu ya kiti:

"Bosi, mdogo wangu bado yuko chini."

"Najua," akasema Msimamizi. "Namwona." Akaonyesha kwa kalamu. Kando ya meli iliyofungwa pale chini mapovu madogo yalikuwa yakipanda, yakisogea polepole kuelekea mkiani. "Hajawahi kuniangusha huyu kijana."

"Basi mvutie apande. Anakungoja wewe."

"Fundi, hebu nielewe. Nikimpandisha, itabidi iwe kwamba nilimshusha. Na hakushuka. Siku hiyo hakuja kazini."

Fundi Pazia akashuka kwenye kiti, akakunja futi yake. "Mapazia yatakuwa tayari siku utakayokuja ukutani," akasema.

Msimamizi alijaribu kuishi na dirisha tupu. Aliigeuza meza, lakini mapovu aliendelea kuyahisi kisogoni. Alibandika magazeti, mkurugenzi akapita akauliza kama ofisi inapakwa rangi. Mwishowe akapiga simu.

"Njoo ufunge mapazia. Jumapili nakuja kushika mshipi wako."

"Kweli, bosi?"

"Mimi nikisema nakuja, nakuja."

Fundi Pazia aliyafunga siku hiyohiyo, mazito, yenye bitana, na chumba kikawa giza tulivu. Jumamosi aliosha nguo za Kifua zilizokuwa sandukuni, akazipiga pasi, akaziweka kwenye kikapu pamoja na taulo na chupa ya chai.

Na Msimamizi alikuja kweli. Alivaa shati lililonyooka, akasalimia kila mtu, akaketi kwenye gunia. Watu wa ukuta wakakunja mishipi yao bila kuambiwa. Fundi Pazia akamwekea mshipi mkononi, akasimama nyuma yake huku amelishika taulo.

Msimamizi akavuta mara moja. Ikarudi moja, haraka haraka, kama mtoto anayeitikia jina lake. Kila mtu aliona uso wa Msimamizi ukilegea, na kwa muda mfupi alionekana mtu mwema.

Kisha honi ikalia. Kwenye mlango wa bandari meli nyekundu ilikuwa inaingia, chini yake imeota ndevu za majani ya bahari. Msimamizi aliitazama tangu mbele mpaka mkiani. Akakohoa. Akavuta mara mbili, vizuri, kwa mkono wa mtu anayeijua kazi yake.

Zikarudi mbili.

"Bosi," akasema Fundi Pazia, "ulisema utampandisha."

"Nilisema nitashika mshipi." Akajifuta vidole kwa leso. "Yuko salama, umesikia mwenyewe. Ni wangapi hapa mjini wana kazi ya kudumu?"

Mwenye duka la vioo alipiga hatua moja mbele, mkewe akamshika shati. Msimamizi akaaga, akaondoka kwa kufuata ukuta, akikwepa ndoo za watu. Fundi Pazia alilikunja taulo. Alilikunja vibaya, akalikunjua, akalikunja tena, kwa sababu mikono yake haikuwa na kingine cha kufanya.

Mwezi uliofuata kampuni ilitangaza nafasi za wazamiaji. Vijana walipanga foleni mpaka barabarani. Kazi ya Kifua ilikuwa imewaonyesha wakubwa kwamba mtu akishashuka, si lazima apande.

Fundi Pazia hakuacha uvuvi. Kila Jumapili alivua changu wake kwa mshipi mmoja, na mwingine, wenye chubwi tu, kile kipande cha risasi cha kuuzamisha, bila ndoana, aliushusha pembeni. Akiuvuta mara moja, ilirudi moja. Hakuna tena aliyegeuka kutazama.

Jumapili moja alikuja mwanamume mgeni, wa makamo, fundi viatu kwa harufu ya gundi aliyokuwa nayo. Mshipi wake ulikuwa mpya, bado umo kwenye mfuko wa dukani. Alisimama akiangalia maji, asijue aanzie wapi.

"Kijana wangu aliajiriwa hapa," akasema. "Wanasema ameacha kazi, ameondoka bila kuaga."

Kinyozi akainamisha kichwa. Fundi Pazia akasogea, akalivuta gunia lake mpaka nafasi ya mtu wa pili ikapatikana. Akautoa mshipi wa yule baba mfukoni, akafunga chubwi, akaushusha taratibu mpaka ukagusa chini, akamwekea juu ya ncha ya kidole.

"Kaa hapa, baba," akasema. "Ukiguswa mara moja, jibu mara moja. Usivute kwa pupa."