Picha ya Chui wa Mukeya

Jumamosi, tarehe 14 Septemba 2024. Mvua ilinyesha alfajiri, ya kwanza kulowesha udongo hadi chini, na kulipokucha ukungu ulikuwa umelala juu ya kijiji chetu chote cha Wamaza, baridi kidogo, bila upepo. Nilipiga magoti nikamshukuru Bwana kwa mvua hiyo. Kisha nikatazama kikapu cha mbegu za mpunga karibu na mlango, na hasira ikanipanda. Siku kama hiyo mtu hupanda. Lakini sisi wenye mashamba katika bonde la Mukeya tulikuwa tumekatazwa kutia jembe mpaka uamuzi utolewe. Hatukuzuiwa na vita wala mafuriko. Tulizuiwa na chui wa kwenye picha.

Picha ilipigwa na Gérard. Mama yake ni wa hapa, dada wa chifu wetu, shefu Musafiri, lakini yeye alikulia Kasongo na kusomea Kinshasa, na akirudi kwetu hutembea kama mtu anayeogopa kukanyaga mavi ya mbuzi. Huvaa koti lisilo na mikono, lenye mifuko mingi, na sijawahi kuona kitu kikitoka katika mfuko hata mmoja. Ukimwita mpiga picha anakasirika. Wapiga picha, anasema, ni wale wa sokoni wanaopiga watu picha za sura kwa ajili ya karatasi za serikali. Yeye ni msanii.

Mwezi wa saba alisimamisha hema Mukeya, kando ya shamba langu, ili amngojee chui. Anavyosimulia, alikaa kimya bila kula, akapumua pamoja na msitu. Mimi niliyekuwa nikipita pale kwenda kuchimba mihogo nilimkuta mara nyingi akipumua pamoja na mto wake wa kulalia. Na chakula alikula kwa Mounira, mwenye duka la vitenge. Sombe, yale majani ya mihogo, na samaki, na aliomba pilipili iongezwe.

Jioni moja, nikielekea parokiani kwenye darasa letu la watu wazima, nilikutana na piki ikitoka njia ya Salamabila. Mbele dereva, nyuma Gérard, na katikati yao mtu aliyefunikwa blanketi tangu kichwani.

"Nani huyo, mwanangu?" nikauliza.

"Mama Dieudonnée, ni shangazi yangu. Iko mugonjwa sana. Usimuguse!"

Nilikuwa nimekwisha kumgusa goti. Lilikuwa gumu kama kuni. Nilitoa machozi mpaka darasani, na Jumapili nilisimama kanisani nikaomba wote wamwombee shangazi ya Gérard, nao wakamwombea kwa sauti. Nilipomwuliza baadaye hali yake, alinijibu, "Ametulia sana."

Ndipo ikaja picha, na pamoja na picha ukaja mpango. Kwa kuwa Mukeya kuna chui hai, bonde lifungwe. Majembe yatoke, na wageni watoke mbali kuja kukaa kimya na kutazama.

"Na sisi?" tulimwuliza.

"Nyinyi mutakuwa walinzi wa ukimya," akasema.

Watoto wa marehemu dada yangu hawali ukimya. Wanakula mpunga wa Mukeya, na shamba lingine sina. Lakini shefu alikuwa amekwisha kulainika, maana Gérard alimpiga na yeye picha, ameshika fimbo yake, mwanga ukitoka upande mmoja tu hivi kwamba tumbo halikuonekana. Akatangaza kwamba Jumamosi ile kila mtu aje amwone chui kwa macho yake, kisha yeye atatia sahihi.

Basi tulijaa katika darasa kubwa la shule ya parokia. Picha ilisimamishwa mbele ya ubao, imefunikwa kitambaa cheusi, ndefu kama mlango. Gérard alivaa glavu nyeupe, kama anayemzika askofu.

"Musiguse," alisema. "Musikohoe karibu. Hii si picha ya kutundika pembeni ya kalenda. Hapa nimeondoa rangi zote, nikabakiza nafsi ya munyama."

"Nafsi alibakiza," Mounira akaninong'oneza, "na deni la samaki pia."

Kitambaa kikaondolewa, na lazima niseme kweli kwa sababu Mungu ananisikia: ilikuwa nzuri. Uso wa chui ulitoka gizani nusu, madoa yake meusi juu ya kijivu, jicho moja linang'aa, kila unywele wa shingo unahesabika. Chini palikuwa na maandishi, na mimi niliyejifunza herufi nikiwa na wajukuu nikayasoma kwa sauti, polepole, kwa ajili ya waliokaa karibu: "Mfalme wa Ukimya. Chui wa Mukeya, akiwa hai."

Niliomba kimyakimya: Bwana, kama kweli umemweka kiumbe wako huyu karibu na shamba langu, nifundishe kuhama bila kunung'unika. Nilikuwa nimekwisha kulitoa shamba lile, nakuambia. Nilikuwa nafikiria ndugu gani kule Kabambare angeniazima kipande cha ardhi.

"Masharubu yake iko wapi?" akauliza Mounira.

Hakunong'ona safari hii. Mounira amezoea kuongea na wateja walioko ng'ambo ya barabara.

Tukatazama. Juu ya mdomo wa yule chui hapakuwa na kitu. Palikuwa laini kama shavu la mtoto.

Kwetu chui akiuawa, hata akinaswa katika mtego wa nguruwe, hubebwa mpaka uani kwa shefu. Kabla kisu hakijagusa ngozi, sharubu zake hung'olewa moja moja na kuchomwa mbele ya watu wote, Wakristo na Waislamu, wanaume na wanawake. Inasemwa zikikatwakatwa katika chakula zinaua. Kwa hiyo kila mtu ashuhudie zimekuwa majivu, ili kesho jirani akiumwa tumbo asimtazame mwenziwe vibaya. Chui hai ana sharubu. Chui asiye nazo amekwisha kupita uani kwa shefu fulani, na hapo hakuna chui anayepita na roho yake. Watoto wetu wanalijua hilo kabla hawajajua kufunga vifungo.

"Ni mwanga," Gérard akasema. "Mwanga uliyameza."

"Mwanga umeacha nywele ya sikio, ukakula masharubu tu?" Mounira akasema. "Wallahi, mwanga wa Kinshasa uko na njaa."

Darasa likalipuka kwa kicheko. Gérard akabadilisha njia: ameyafuta mwenyewe, kwa sanaa, ili uso uwe safi.

"Basi tuonyeshe zingine zenye hujafuta," shefu akasema. Hakuwa akicheka. Alichukua kamera mwenyewe, akaiangalia picha baada ya picha. Chui amekaa mbele ya majani. Chui amekaa mbele ya mto. Chui amekaa mbele ya mihogo yangu. Popote amekaa vilevile, kichwa kimegeuka vilevile, mdomo mtupu vilevile.

"Mwana wa dada yangu," shefu akasema, "huyu chui wa kukaa hivi ulimutoa wapi?"

Gérard alivua glavu moja. "Salamabila. Kwa mufanyabiashara mumoja wa dhahabu. Amemujaza majani, anamuweka salon, pale wageni wanakaa. Aliniazima."

"Na ulimuleta na nini?"

Gérard akavua na glavu ya pili. Nilisimama. Mkono wangu ulikumbuka lile goti.

"Gérard!" nikasema. "Ni yeye shangazi?"

Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje kushika ukuta. "Tulimuombea chui!" mmoja akapiga kelele. "Na akapona, angalia jicho lake!" Mimi sikucheka. Kanisa zima liliinamisha kichwa kwa ajili ya gunia la majani lenye meno, na kijana huyu alikaa benchi la mbele akasema amina pamoja nasi. Hiyo ndiyo sanaa yake. Mwanga alijifunza, na kivuli, na jinsi ya kuficha tumbo la shefu. Aibu hakujifunza.

Shefu alikohoa. "Basi, mambo haya tutayaangalia tena mwezi kesho," akaanza, na niliona macho yake yakienda kwenye ile picha yake mwenyewe, iliyoegemezwa ukutani.

"Hapana, shefu," nikasema. "Mvua imekuja leo. Mwezi kesho mbegu yangu itakuwa chakula cha panya. Sema sasa, na useme kwa sauti, sisi wote tuko hapa."

"Mama Dieudonnée anasema kweli," Mounira akasema. "Na wale wa nje wasikie."

Shefu Musafiri akasimama. Akachukua kitambaa cheusi, akamfunika chui, kisha akatugeukia.

"Mimi Musafiri," alisema, "mbele ya Mungu na mbele yenu, naahidi: Mukeya haifungwi. Mwenye shamba apande kuanzia leo. Na Jumatatu mapema nitafika kwa mama Dieudonnée, mimi na huyu Gérard, na majembe mawili, na tutalima mpaka yeye mwenyewe aseme inatosha."