Upande wa Kushoto

Siku Baba Pacha alipoambiwa kwamba tiba yake itakuwa mchezo wa video, alicheka mpaka mate yakamchuruzika kwenye pembe ya mdomo, ile pembe ambayo hakuwa akiihisi tena.

"Mke wangu, umesikia? Wamenirudisha chekechea!"

Mama Pacha alimpangusa kwa kitambaa, naye akacheka. Walikuwa hawajacheka pamoja tangu ajali, na kicheko kile kilimtuliza kuliko maneno yote ya madaktari.

Mumewe alikuwa fundi wa vigae, tena si fundi wa kubahatisha. Miaka ishirini na sita alipiga magoti kwenye sakafu za watu, na wenzake walimwita Pima Maji, kwa sababu jicho lake halikuhitaji kifaa hicho cha kupimia usawa. Alikuwa akisimama mlangoni tu, hata viatu hajavua, anakuambia kigae cha nne kutoka ukutani kimeinuka unywele. Ukipima, unakuta kweli. Halafu siku moja, akiwa anapanda ngazi na boksi la vigae begani, mguu uliteleza. Akaanguka, na upande wa kulia wa kichwa ukagonga ukingo wa ngazi. Wiki tatu alilala hajitambui. Alipozinduka alimtambua mkewe, akawaulizia pacha wake, mabinti wawili walioolewa mbali, na akakumbuka hata jengo alilokuwa akilimalizia. Kilichokuwa kimepotea ni kushoto.

Mkono wa kushoto ulikuwa mzito, lakini uliinuka. Tatizo halikuwa mkono. Alikula nusu ya sahani akanung'unika kwamba chakula ni kidogo. Mkewe alipoizungusha sahani, alishukuru kwa kuongezewa. Alinyoa shavu moja akaweka wembe chini. Akipita mlangoni, bega la kushoto liligonga fremu kila mara, na kila mara alishangaa nani amemsukuma.

"Macho yake ni mazima," alieleza mtaalamu wa mazoezi, mwanamke kijana mwenye raba nyeupe na sauti ya taratibu. "Ubongo ndio umeacha kuuhesabu upande huo. Si kwamba anaona giza, mama. Kwake hakuna kitu."

Chumba cha mazoezi kilikuwa na runinga kubwa ukutani, kamera ndogo chini yake, na mkeka wa mpira uliochorwa nyayo mbili za kusimamia. Mgonjwa alisimama kwenye nyayo, kamera ikamwona, naye akajiona kwenye skrini katikati ya maputo ya rangi yaliyotokea pande zote. Kazi yake ilikuwa kuyapasua kwa mikono. Kila mchezo ulikuwa na maputo arobaini.

Siku ya kwanza alipasua kumi na moja, yote ya kulia.

"Mzee, ya kushoto umeyaacha," alisema mtaalamu.

"Yapi hayo? Mashine yako inanionea."

Baada ya hapo mtaalamu alimvuta Mama Pacha pembeni. Alimwambia asimame kushoto kwa mumewe wakati wote, azungumze naye kutoka huko, akae huko, na kikombe akiweke huko huko. Ubongo ulazimike kutafuta. Mama Pacha aliyashika maneno yale kama dozi. Alikuwa mshonaji wa mapazia na alifanyia kazi nyumbani. Siku hiyo hiyo aliburuta cherehani yake na marobota ya vitambaa, akavipanga kushoto kwa kiti cha mumewe.

Kila Jumanne na Ijumaa walikwenda hospitali. Mumewe alisimama kwenye nyayo zake, yeye akasimama ukingoni mwa mkeka. "Kushoto! Juu! Hapo hapo, chini kidogo!" Baba Pacha aligeuza shingo, akaliona puto, akalitandika kofi. Kumi na tano. Ishirini na mbili. Mwezi wa tano wa mazoezi alipasua thelathini na nne, na wagonjwa wengine waliokaa kwenye benchi wakimsubiri wakapiga makofi, hata yule aliyekuwa na mkono mmoja tu wa kupigia, akapiga paja.

"Sasa niko darasa la kwanza," alisema Baba Pacha, jasho likimtoka.

Mama Pacha hakungoja kufika nyumbani. Aliwapigia simu mabinti zake hapo hapo kwenye korido. "Baba yenu anarudi," aliwaambia.

Habari zilimfikia Kifupi, fundi aliyefanya kazi na mumewe tangu ujana wao. Alikuwa mrefu kiasi cha kuinama kila mlango, na jina lile alipewa na Baba Pacha mwenyewe. Alikuja Jumamosi asubuhi, amejaa furaha.

"Shemeji, kuna bafu dogo hapo mtaa wa pili. Sakafu tu. Mimi nitachanganya gundi, nitakata vigae, yeye apange. Mtu akikaa bila kazi ndiyo anaumwa zaidi."

Mama Pacha alisita. Lakini alimtazama mumewe, akamwona ameshaanza kuulizia mwiko wake na nyundo yake ya mpira, akashindwa kukataa.

Saa sita mchana simu ililia. "Shemeji, njoo," alisema Kifupi, basi.

Alimkuta mumewe amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, ananawa gundi vidoleni, uso umemtakata kama wa bwana harusi. "Karibu ukague," alisema. "Nimemaliza."

Mama Pacha akachungulia bafuni. Upande wa kulia vigae vyeupe vilikuwa vimelala kimoja kando ya kingine, mistari imenyooka, hakuna hata kimoja kilichoinuka. Ilikuwa kazi ya Pima Maji kabisa. Vigae viliishia katikati ya sakafu. Kuanzia hapo hadi ukuta wa kushoto palikuwa na saruji tupu, na boksi zima la vigae lililofunguliwa, halijaguswa.

"Nilitoka kidogo tu kukata vya kona," alinong'ona Kifupi. "Nimerudi, ananiambia amemaliza."

Mama Pacha alimwinua mumewe, akamshika mashavu kwa viganja viwili na kukigeuza kichwa chake polepole.

"Na huku?"

Baba Pacha aliitazama saruji.

"Nani amebandua?"

"Hakuna aliyebandua, mume wangu."

"Nilipanga sakafu nzima! Nilipanga kwa mkono huu!" Akamgeukia Kifupi. "Ni wewe. Unataka watu waseme Pima Maji amekwisha, kazi zote uchukue wewe. Miaka yote nimekula na wewe!"

Kifupi aliviweka chini vigae alivyovikata. Aliinama kupita mlangoni akatoka nje, na Mama Pacha akamsikia akilia kama mtoto nyuma ya ukuta. Tangu siku hiyo hakukanyaga kwao.

Jumanne Mama Pacha alimweleza mtaalamu yote. Yule dada aliwasha mashine. Alimsimamisha Baba Pacha kwenye nyayo, akamwomba Mama Pacha akae kwenye benchi na asitamke neno.

Maputo yakatokea. Mama Pacha aliuma kidole. Aliyaona ya kushoto yakipanda moja baada ya jingine, mekundu, ya njano, yakipotea juu ya skrini, mumewe akiyachapa ya kulia kwa bidii zote. Mchezo ukaisha.

Kumi na mbili.

"Kumbe alikuwa anafuata sauti yangu," alisema Mama Pacha walipobaki wawili kwenye korido.

"Ndiyo, mama. Ningepaswa kulipima hili mapema. Nilifurahi nikasahau. Nisamehe."

"Tukiendelea?"

Mtaalamu alitazama raba zake. "Wengine hurudi katika miezi ya mwanzo. Yeye huu ni wa nane tangu ajali. Sitakudanganya. Na wiki ijayo nafasi yake wanataka kumpa mgonjwa mpya, ambaye bado yumo katika miezi hiyo ya mwanzo. Nimewaomba wamwache mzee aendelee, wamekataa."

"Kwa hiyo atabaki hivi."

Yule dada alimshika mkono, na jibu lilikuwa hilo.

Ijumaa ya wiki iliyofuata hawakwenda popote. Mama Pacha alikuwa na mapazia ya watu ya kumalizia, lakini alikaa kwenye cherehani bila kushona, akimtazama mumewe kwa ubavuni. Alikuwa ameelekeza uso dirishani, upande wake ule mmoja wa kulia. Chai aliyomwekea kushoto ilikuwa imepoa na kufanya utando.

Akasimama. Akaikokota cherehani chumba kizima, mguu mmoja wa meza ukikwaruza sakafu, akaizungusha nyuma ya kiti hadi upande wa kulia. Akarudi kuchukua vitambaa. Mwisho akaleta chai nyingine ya moto, akaiweka kwenye kigoda cha kulia, akakaa.

Baba Pacha alishtuka. Akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, na macho yakamjaa machozi.

"Mama Pacha! Umerudi lini?"

"Sikuondoka. Nilikuwa hapa hapa."

"Usinifiche. Miezi yote hii nakusikia sauti tu, nakaa peke yangu." Akamshika mkono, akaubana. "Ulikuwa wapi?"

Mama Pacha alimpa chai, akamngoja anywe, kisha akaanza kushona.