Nyuki wa Mzee Aminieli

Raheli hakuwa mtu wa kutishwa na kitu. Alikuwa mwenyekiti wa ndiva, lile bwawa la kijiji huko juu Mbaga ambamo maji hukusanywa usiku na kufunguliwa asubuhi kwa zamu, na wanaume wenye ndevu zao walimwomba maji kwa adabu. Kwa hiyo malengelenge yalipomtoka kwenye paji la uso, upande wa kulia tu, yakiwaka kama amerukiwa na mafuta ya maandazi, hakuogopa maumivu. Aliogopa jina.

Mkanda wa jeshi. Mlimani jina hilo halitembei peke yake. Hujamaliza kulitamka, watu wameshaliongezea UKIMWI. Na mumewe Anderson alikuwa machimboni Mirerani, mtu wa kuonekana nyumbani Krismasi kwa Krismasi. Nani angehitaji ushahidi mwingine?

“Nyuki,” alimwambia jirani yake Asteria, aliyemkuta amejifunga kitenge mpaka kwenye nyusi. “Nilipita chini ya mizinga ya Mzee Aminieli, pale juu ya ndiva. Wameniumbua.”

Ulikuwa uongo mzuri, wenye mikono na miguu. Asteria akampa pole, akaenda zake, na Raheli akajisifu kimoyomoyo. Kilichobaki ni kukaa ndani mpaka yakauke. Hospitali asingekwenda, maana ni nani aliyewahi kushuka Same kwa ajili ya nyuki?

Malengelenge hayakumsikiliza. Yalishuka kwenye kope, kisha moja likachomoza kwenye ncha ya pua. Jicho likawa jekundu, mwanga wa mlangoni ukamchoma hadi machozi. Asubuhi iliyofuata alipofungua Biblia, maandishi yalikuwa na ukungu. Akafumba jicho la kushoto, akafumba la kulia, akarudia. Hapo akaogopa kweli. Jicho lilikuwa linaondoka.

Akiwa katika hofu hiyo, akasikia pembe ya msaragambo.

Upareni pembe hiyo ikilia hakuna wa kuuliza maswali. Kila nyumba hutoa mtu, iwe ni kuzibua mfereji au kujenga darasa, na asiyetokea hutozwa faini. Lakini msaragambo wa ndiva huitishwa na mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa yeye. Sasa nani amepuliza?

“Ni kwa ajili yako, Mama Godwin!” Asteria alipaza sauti kutoka uani, ameshika majani makavu na kiberiti. “Tumekaa, tumeamua. Waliomuuma mwenyekiti wetu hawaachwi. Tunaichoma mizinga yote!”

Akaondoka mbiombio. Raheli alibaki ameketi kitandani. Angeweza kunyamaza tu. Mizinga ya watu ingeungua, yeye angebaki na heshima yake na jicho moja. Hasira zikampanda, wala si kwa Asteria. Yeye aliyewafokea wezi wa maji mbele ya wake zao, leo amejificha nyuma ya wadudu! Akavua kitenge kichwani, akakitupia begani, akatoka uso wazi.

Aliwakuta wamejaa chini ya mizinga, moshi umeshaanza. Mzee Aminieli alisimama mbele yao mikono mitupu. Jicho lake moja lilikuwa jeupe tangu zamani, na kijiji kizima kilijua ni nyuki wake waliolichukua, ndiyo maana hakuna aliyemwonea huruma kwa mizinga ile.

“Shikamoo, mzee,” alisema Raheli.

“Marahaba, mwanangu.”

Akawageukia wengine. “Zimeni huo moto. Nyuki hawajanigusa, nilidanganya. Huu ni mkanda wa jeshi, na jicho langu linakwisha. Anayetaka kusema Anderson kaniletea UKIMWI aseme sasa hivi, nikimsikia. Akimaliza aniitie bodaboda.”

Mtu mmoja akakohoa. Wengine wakaanza kukanyaga moto kana kwamba ndiyo kazi waliyoitiwa. Mzee Aminieli akasogea karibu, akaitazama ncha ya pua ya Raheli kwa jicho lake zima.

“Langu lilianza hivyohivyo,” alisema. “Marehemu mke wangu alinisihi nishuke Same. Nikamwambia ni nyuki.”

Asteria akakiachia kiberiti kikaanguka.

Walipanda bodaboda moja mishikaki, dereva mbele, Raheli katikati, na mzee nyuma, kwa kuwa alikataa katakata kubaki. Hospitalini Daktari Irene hakupoteza muda.

“Mama, uliwahi kuugua tetekuwanga?”

“Utotoni, nyumba nzima.”

“Basi kirusi chake hakikuondoka. Kilijificha kwenye mishipa ya fahamu, kikasubiri umri usogee au mwili uchoke. Wenye VVU mkanda huwapata kwa urahisi zaidi, ndiyo maana tunashauri kupima. Lakini unaweza kumpata yeyote aliyeugua tetekuwanga.”

Raheli akanyoosha mkono apimwe. Hakuwa na VVU. Akapewa vidonge vya kupambana na kirusi, na daktari wa macho akamwangalia, akampa dawa ya jicho.

“Umewahi,” alisema Daktari Irene. “Ungeendelea kusubiri yakauke, tungekuja kuwa na mazungumzo mengine.”

Raheli akacheka kwa furaha, uso ukimuuma. Alikuwa ameshajifunga kitenge kiunoni tayari kuondoka, mzee alipovua kofia.

“Na langu, daktari?”

Daktari Irene akammulika, akamuuliza lilivyoanza, akasikiliza mpaka mwisho. “Dalili zote ni za mkanda wa jeshi, mzee wangu. Lakini kovu limeshaziba kioo cha jicho. Hakuna dawa ninayoweza kukupa ukaona tena.”

“Najua halirudi,” alisema Mzee Aminieli. “Nilitaka utaje jina la kilicholichukua, mbele ya mtu wa kwetu.”

Raheli akamshika mkono. “Nimelisikia, baba.”