Kitenzi Kimoja cha Yaya Salomé

Yaya Salomé, dada yangu mkubwa, alipotangaza kwamba anajifunza Kihispania, nilicheka mpaka nikakaa chini. Nimefundisha Kifaransa hapa Kamina maisha yangu yote, na ninajua vitenzi vinavyowatesa hata watoto wenye akili nyepesi, sembuse mjane anayetafuta miwani nyumba nzima wakati ameivaa kichwani.

Lakini sababu yake haikuwa ya kuchekwa. Binti yake wa pekee, Mira, ni muuguzi huko Uhispania na ameolewa na mtu wa hukohuko. Walikuwa wanakuja pamoja kwa mara ya kwanza, wakae nasi mpaka likizo iishe, na yule mume hajui Kiswahili wala Kifaransa. Yaya aliogopa kitu kimoja tu: kwamba mkwe ataondoka nyumbani kwake akijiona hatakiwi, na akiondoka hivyo, Mira naye hatarudi tena.

Basi akamwomba Mira kwenye simu ampe kitenzi kimoja kinachofanya kazi nyingi, kama sufuria ya nyumba yenye sufuria moja. Mira akampa quedar.

Kila jioni ilikuja sauti ya Mira kwenye simu, na sisi wawili tukarudia jikoni. Sombe, yale majani ya muhogo, ikibaki chunguni, unasema queda sombe. Ukitaka mtu asiondoke, unamwambia quédate. Nguo ikimkaa mtu vizuri, te queda bien. Ukiuliza Luena iko upande gani, ¿dónde queda Luena? Na watu wakipatana kuonana, quedamos. Hili la mwisho lilimsumbua yaya. Aliniuliza inakuwaje watu wapange kukutana kwa neno la kubaki. Nilimjibu kwamba vitenzi havina sababu, vina matumizi. Ni jibu nililowapa wanafunzi wangu kila nilipokuwa sijui.

Baada ya hapo hakuna aliyepona. Muuza makaa aliulizwa Kabongo inaqueda wapi. Marceline wa kwaya alikuja kanisani na kikwembe kipya, akaambiwa te queda bien, naye akajibu amina. Nilimtania yaya sana, lakini nyumbani nilikuwa najisomea kwa siri ili asinipite.

Siku ikafika. Gari liliingia uani, akashuka mwanamume mrefu mwenye kofia ya majani, akafungua mikono yake yote miwili, anacheka. Yaya, ambaye asubuhi nzima alikuwa anatamka maneno yake mbele ya kioo, alivuta kikwembe akajifunika uso na kukimbilia nyuma ya jiko.

Hapo ndipo akili iliponirudia. Miezi yote ile tulikuwa tunajifunza lugha ya kusema na mtu ambaye katika ukoo wetu haongeleshwi. Mama mkwe hamtazami mkwe usoni, hali chakula mbele yake, wala hatamki jina lake. Hata mimi hapa simtaji, mmeona. Heshima hiyo hulegezwa siku mkwe anapoleta kuku wa kufungua mdomo na kumkabidhi kwa mkono wake mwenyewe. Lakini mahari ya Mira yalipitia kwa simu, na kuku hapiti kwa simu. Hakuna aliyekumbuka, hata kaka yetu Zébédée anayejifanya bingwa wa mila. Mira alidhani mama yake, shemasi wa kanisa, ameshaachana na mambo hayo. Yaya mwenyewe alidhani ameachana nayo, mpaka miguu yake ilipokimbia.

Siku zilizofuata zilinitia aibu na hasira pamoja. Mkwe akiingia sebuleni, yaya anatoka kwa mlango wa nyuma. Mkwe akienda nyuma, yaya anazunguka mbele. Chakula kilipikwa kwa upendo wote, kikapelekwa na Mira, na mpishi akala peke yake jikoni akiwa amegeukia ukuta. Yule mtu alikuwa akitabasamu mwanzoni. Baadaye akawa anakohoa kabla ya kutoka chumbani, ili mwenye nyumba apate nafasi ya kumkimbia. Nilimhurumia sana.

Jioni moja Mira alinijia macho mekundu.

“Mama mudogo, kesho tunaenda Lubumbashi, tutangojea ndege kule. Anasema hawezi kumufukuza mama mu nyumba yake.”

Nilikwenda jikoni kwa hatua za kugombana.

“Yaya, ule muntu anawaza unamuchukia.”

“Miye?” Aliacha mwiko. “Namupenda, Éliane. Njo maana namukimbia. Namna gani nitasimama mbele ya mukwe macho wazi, sawa muntu asiye na haya?”

“Na ile verbe yako yote?”

Aligusa koo. “Iko hapa. Inakataa kutoka.”

Kisha akalia, na hasira yangu ikaniishia. Hapo nikamkumbuka yule kuku.

Asubuhi gari lilikuwa limeshafika, mizigo inapakiwa. Nilikuja nimembeba tetea wangu mwekundu, anayetaga kuliko wote bandani, na Mungu anajua nilivyoumia. Nikamweleza Mira kila kitu, naye akamweleza mumewe. Yule mtu alisikiliza, akakaa kwenye kizingiti cha gari, akafunika uso kwa mikono. Alisema mengi. Mira alinitafsiria kidogo tu: siku zote hizi alikuwa akijiuliza amekosa nini.

Kuku wa bure hafungui mdomo wa mtu, kwa hiyo nilimvua kofia yake ya majani nikaivaa mimi. Tukawa tumebadilishana, na kuku akawa wake kihalali.

Alimbeba kwa mikono miwili kifuani, jinsi mtu anavyobeba mtoto mchanga, na tetea wangu, kwa mshangao, akatulia. Alifika mlango wa jikoni wenye pazia, akapiga magoti, akamweka kuku chini bila kumwachia. Hakusema kitu, maana Mira alimwambia asiseme.

Pazia halikusogea. Zébédée akataka kumhimiza yaya, nikamkanyaga mguu. Dereva akapiga honi. Niliziona ncha za vidole vya miguu ya yaya chini ya pazia, na sentensi zote tulizorudia jikoni zikanipita kichwani, nikaogopa zimemtoroka.

“Quédate,” sauti ikasema, ndogo sana.

Mkwe aliinua kichwa. Nadhani hakuamini. Pazia likasogea, na yaya akatoka akiwa ameshusha kikwembe mabegani, akamtazama yule mtu usoni kwa mara ya kwanza.

“Quédate, mwana wangu.”

Zébédée alikwenda kumwambia dereva ashushe mizigo. Mchana huo yaya alikula mbele ya mkwe, tonge moja, halafu la pili. Mkwe alipomaliza sahani, yaya akamwambia queda sombe, naye akaongeza.

Likizo iliisha, kama zinavyoisha zote. Tetea hakuchinjwa, anataga kwa yaya, na mimi nimeridhika na kofia. Siku ya kuondoka nilidhani yaya atajificha tena, safari hii kwa uchungu. Alikuja mpaka mlangoni mwa gari, akamshika mkwe mkono.

“¿Cuándo quedamos?” aliuliza, yaani wapatane kuonana lini.

Yule mtu alitafuta neno la kwetu, akalipata.

“Noeli, mama.”

Yaya akatikisa kichwa kukubali. Machozi yalikuwa yanamtiririka mbele ya mkwe wake, mbele ya dereva na majirani wote, na kikwembe kilikuwa mabegani, wala hakujifunika uso.