Shairi la Uchakavu wa Mtambo

Masharti ya mtihani wa uhasibu, wa kufanyia nyumbani kwa kompyuta, yalikuwa kumi na moja, na niliyasoma yote kwa dharau. Ukae peke yako. Mlango ufungwe. Uso usitoke kwenye kamera. Isisikike sauti nyingine chumbani. Atakayekiuka atahesabiwa mwizi wa mtihani na kufukuzwa chuo. Mimi nilikuwa nalifanya somo hilo mara ya tatu, na nikifeli tena, binamu yangu alikwishanitengea kiti kwenye duka lake la vigae vya bafuni, hapa hapa Bahawalpur.

Sikuogopa. Wenzangu walikariri kitabu, mimi nilikigeuza kitabu chote mashairi. Nilijiona nimewazidi hata waliokitunga.

Asubuhi ya mtihani niliwaomba watu wa nyumbani wanyamaze. Mjomba Tufail, aliyekuwa uani akimenya njegere, aliniapia kwamba hata kikohozi atakimeza.

Swali la nne liliuliza juu ya uchakavu. Nikautafuta ubeti wangu kwa kunong'ona, lakini mistari mizuri hainong'oneki. Nikajikuta naughani:

*Mtambo ukichakaa, mwaka ukimalizika,*
*Daftari likijaa, thamani huongezeka.*

"Wah! Wah!" ikaja sauti ya Mjomba kutoka dirishani, sifa ambayo kwetu hupewa washairi. "Rudia, mwanangu, rudia!"

Mshairi akiombwa arudie, hakatai. Ningeweza kunyamaza. Badala yake niliinamisha kichwa mbele ya kamera, nikapeleka mkono kwenye paji la uso kama niko jukwaani, nikarudia mstari wa pili kwa sauti ya juu zaidi. Kioo cha kompyuta kikawa chekundu: *Sauti ya pili imesikika. Mtihani umesimamishwa.*

Siku tatu baadaye nilisimama mbele ya Madam Rukhshanda, mkuu wa idara. Mjomba alikuja kunitetea, kavaa koti la harusi.

"Ulimpa jibu," Madam akamwambia.

"Mimi? Bibi, hesabu sijui hata ya vitunguu. Nilisikia shairi, nikalisifu. Ulitaka nimwache kijana anaghani kama anaongea na ukuta?"

"Masharti yanasema kimya."

"Masharti hayakutaja mashairi."

"Mjomba, tafadhali," nikasema.

"Nyamaza wewe, nakutetea."

Madam akanigeukia. "Hebu ughani huo ubeti."

Hapo ndipo nilipopaswa kuona haya. Mimi nikasimama vizuri, nikasafisha koo na kuughani wote, macho nimeyafumba. Nilipoyafumbua, Madam alikuwa ameshika kalamu bila kuandika.

"Mtambo uliochakaa thamani yake inaongezeka?"

"Ni kina, Madam. *Hupungua* haikukaa."

"Na kwenye mtihani uliandika nini?"

Nikatazama viatu vyangu. "Huongezeka."

"Kwa sababu ya kina?"

"Kwa sababu ya kina."

Alifunika mdomo kwa jalada la faili, mabega yakatikisika kwa kicheko. Alipopata pumzi alisema, "Mtu aliyepewa jibu hawezi kukosea hivi. Hili ni kosa la mtu aliye peke yake kabisa duniani. Shtaka la wizi nalifuta. Alhamisi utafanya mtihani upya, ofisini kwangu, na mzee huyu asikanyage geti."

Niliokoka, basi, kwa cheti cha ujinga kilichotolewa na mkuu wa idara mwenyewe. Lakini nilipofika kwenye ukumbi, kiburi kilikuwa kimekwisha kuota tena.

"Hata hivyo, Mjomba," nikasema, "shairi lenyewe ulilipenda. Mpaka ukaniomba nirudie."

Mjomba akafungua vifungo vya koti taratibu.

"Sarmad, mwanangu, *wah* ya kwanza ilikuwa ya heshima, maana we ni mtoto wa dada yangu. Kurudia nilikuomba kwa sababu sikuamini masikio yangu. Nikajiuliza, huyu kweli kasema *huongezeka*?"

"Na mimi nikarudia."

"Tena kwa sauti kubwa."

Nilikwenda moja kwa moja maktaba, nikaazima kile kitabu, nikakisoma kilivyoandikwa.