Kidonge cha Saa Kumi na Mbili

Mimi si daktari. Ni mtaalamu wa dawa za usingizi za operesheni, ila mgonjwa akiniita daktari huwa sina haraka ya kumsahihisha. Mwaka 1995 nilirudi Dodoma kutoka kozi ya miezi mitatu nikiwa sishikiki. Kila niliyekunywa naye chai nilimweleza kuwa koo halipendi wageni: ukiingiza mpira wa kupumulia, mwili hushtuka hata kama mwenyewe amelala fofofo. Moyo hukimbia, presha hupanda, na mwenye presha tayari anaweza kupasuka mshipa wa kichwani. Dawa za kuzuia zipo, nilisema, na anayezijua hapa ni mimi.

Kabla ya dawa nikaanza na utawala. Nilibandika tangazo wodini: "Saa zote kwenye faili ziandikwe Kizungu. Saa moja asubuhi ni saa 7." Nikasaini, nikagonga na mhuri.

Wiki iliyofuata akaja Bibi Anyesi, mkulima wa zabibu kutoka Hombolo. Tezi la shingo lilikuwa limeanza kumbana pumzi, na presha yake ilikuwa ya kutisha. Nikampangia mambo ya kisasa: kidonge cha kutuliza moyo alfajiri, kwa funda moja la maji, kisha sindano ya lignokeni, dawa ya ganzi, mshipani kabla tu ya mpira. Kidonge nilikifuata mwenyewe katika duka la dawa la mtu binafsi, maana siku hizo maduka hayo yalikuwa yakichipuka kama uyoga. Nikaandika kwenye faili: "Kidonge kimoja, saa 12."

Saa tatu asubuhi Bibi alikuwa mezani, na Dokta Wambura, mpasuaji wetu, ameshavaa glovu. Nikamwamkia Bibi, nikapima presha. Mia mbili na kumi! Nikapima tena, nikailaumu mashine, nikaulaumu na mkono wa Bibi.

"Sista Restuta, kidonge alimeza?" nikamuuliza muuguzi wa wodi aliyemleta.

"Bado. Si umeandika saa 12? Nikajua ni cha mchana, baada ya operesheni."

"Saa 12 alfajiri, Sista!"

"Alfajiri ni saa 6," alijibu taratibu. "Tangazo lipo."

Dokta Wambura akakohoa ndani ya barakoa. Ninakijua kikohozi kile, ni kicheko.

Aibu ilinipanda hadi masikioni. Ibilisi naye hakuwa mbali: lignokeni unayo, endelea, nani atajua? Nikamtazama Bibi. Alikuwa ananiangalia kwa imani kabisa, nami nikaogopa kwelikweli.

"Bibi, leo asubuhi hukupewa dawa yako. Kosa ni langu. Tusubiri kwanza."

"Mwanangu," akasema, "tangu jana naogopa huo mpira wako. Kumbe cha kuogopa ni kalamu."

Akameza kidonge. Mchana presha ilishuka, tukarudi chumba cha operesheni. Nikamlaza, nikachoma lignokeni, nikahesabu dakika, nikaingiza mpira. Presha haikutikisika. Moyo uliokimbia mle ndani ulikuwa mmoja tu, na haukuwa wa Bibi.

Alipozinduka nilikuwa nimemwinamia, nikingoja sifa zangu. Midomo yake ikacheza. Nikasogeza sikio.

"Saa ngapi?"

"Saa kumi, Bibi. Operesheni imekwisha salama."

Akafumba macho.

"Saa kumi za nani?"